Butembo: Ndugu wawili, simu moja na njia panda za Dead Cells

Katika mchezo wa Dead Cells, mtu anaanzia gerezani na hana kichwa. Lundo la seli zinazong'aa linaanguka kutoka juu, linajipenyeza kwenye shingo ya maiti ya mfungwa, na maiti inasimama. Anaokota upanga wenye kutu, anachagua upinde au ngao, anaanza kutembea. Akiuawa, na atauawa, anarudishwa palepale gerezani. Ila gereza lenyewe limekwisha kupangwa upya: ngazi iliyokuwa kushoto sasa iko kulia, chumba kilichokuwa na dhahabu hakipo, na maadui wamejificha kwingine.

Kwenye kata moja ya komini ya Bulengera, hapa Butembo, mchezo huu unachezwa na ndugu wawili kwenye simu moja. Mkubwa ni motari, anapandisha wateja kati ya Butembo na Beni. Mdogo yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Simu ni ya mkubwa, kioo chake kimepasuka pembeni, na mchezo uliwekwa na mdogo baada ya rafiki yake wa shule kumpitishia. Faida yake kubwa kwao ni kwamba ukiisha kuwa ndani ya simu hauombi intaneti tena. Kwa watu wanaonunua mega kwa kuhesabu, hilo si jambo dogo.

Michezo ya aina hii ina umri kuliko wanaoicheza. Mwaka 1980 vijana wa chuo kikuu huko California, Michael Toy na Glenn Wichman, walitengeneza mchezo ulioitwa Rogue. Haukuwa na picha. Mchezaji alikuwa alama moja tu ya maandishi kwenye kioo cheusi, na maadui walikuwa herufi kubwa, kuanzia A hadi Z. Lakini sheria mbili walizoweka zimebaki: njia hupangwa upya kila ukianza, na ukifa umekufa, hakuna kurudi hatua moja nyuma. Dead Cells imerithi hizo zote mbili. Ilitengenezwa Ufaransa, mjini Bordeaux, na Motion Twin, kampuni inayoendeshwa kama ushirika: wafanyakazi wake wanalipwa sawa na kila mmoja ana sauti sawa na mwenzake. Wenye koperative za kahawa huku Grand Nord watauliza maswali mengi kuhusu jambo hilo, lakini si leo.

Mchezo ulitolewa rasmi tarehe 7 Agosti 2018. Hiyo ndiyo wiki ambayo mji wa Mangina, magharibi ya Beni, ulikuwa umeanza kutajwa duniani kote, kwa sababu tarehe 1 Agosti serikali ilikuwa imetangaza Ebola. Ugonjwa ulikaa mpaka Juni 2020 na kuchukua watu zaidi ya 2,200. Waliotengeneza mchezo hawakujua habari za Mangina, na wa Mangina hawakujua habari za mchezo. Hata hivyo hadithi yake ni ya kisiwa kilichopigwa na tauni. Ndani ya vyumba unakuta barua na maiti, na ukisoma kidogo kidogo unaelewa kwamba mfalme alikuwa akiwafungia watu wake kwa kuogopa ugonjwa. Wachezaji wengi ulimwenguni huruka barua hizo waende kupigana. Mdogo huyu wa Bulengera alizisoma zote. Mwaka 2019 alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, akinawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji la uso kila kizuizi, huku watu wazima wakinong'ona kwamba anayepelekwa kituoni harudi. Alimwambia kaka yake: «Yaya, hawa ni kama walikaa hapa.»

Turudi kwenye njia, maana utamu wa mchezo uko hapo kuliko kwenye panga.

Ingawa ndani ya kila sehemu mambo hubadilika, mpangilio wa sehemu zenyewe haubadiliki. Ukitoka gerezani, mlango wa kwanza utakaoujua unakupeleka nje, kwenye matembezi ya waliohukumiwa, mahali penye majani na hewa. Kuna mlango mwingine unaoshuka kwenye mifereji ya sumu, lakini huo huwezi kuufikia mwanzoni. Kwanza inabidi upite matembezini, umtafute mpiga mishale mmoja mkali kuliko wenzake, umshinde, akuachie alama ya kuotesha mimea. Kuanzia hapo, kila ukiona kidonge cha kijani ardhini unakiamsha, mmea unapanda juu na wewe unaupanda kama kamba. Siku hiyo unagundua kwamba vidonge vile ulikuwa ukivipita tangu siku ya kwanza bila kujua kazi yake.

Ziko alama nyingine. Moja inakuhamisha kutoka jiwe hadi jiwe, nyingine inavunja sakafu, nyingine inakufanya upande kuta kama buibui. Kila moja inafungua milango iliyokuwa ikikutazama tu. Na alama hizi hazipotei ukifa. Dhahabu inapotea, silaha zinapotea, na zile seli ulizokusanya kwa maadui zinapotea pia kama hukumfikisha nazo yule Mkusanyaji anayengoja kwenye kijia kati ya sehemu mbili. Alama inabaki mwilini. Kwa hiyo mtu aliyekufa mara arobaini na aliyekufa mara mbili wanaanzia chumba kimoja, lakini hawana milango sawa.

Hapo ndipo ndugu hawa walipoachana.

Mdogo ni mtu wa mbio. Anajua kwamba kwenye kijia cha mapumziko kuna mlango wa muda: ukiwahi kabla ya dakika zilizowekwa, unafunguka na kukupa mali, ukichelewa, umefungwa, na hakuna wa kumlalamikia. Basi yeye hukimbia. Anaruka maadui, anaacha vyumba vya pembeni, anafika mlangoni anahema kana kwamba ni miguu yake iliyokimbia. Anapenda pia masanduku ya laana. Ukifungua sanduku la aina hiyo unapata silaha nzuri, lakini mpaka uue maadui kumi, pigo moja tu, hata la panya, linakuua. Mdogo hufungua kila analoliona. Mara nyingi hufa akiwa amebakiza wawili au watatu.

Mkubwa alianza kucheza baadaye, usiku mmoja wa mvua ambao hakuna aliyekuwa akisafiri. Yeye hutembea. Anaingia kila chumba, anafungua ramani, anaangalia ni kona gani bado nyeusi, anarudi. Milango ya muda hajawahi kuikuta wazi. Lakini hati za kuongeza nguvu, zile za rangi tatu ambazo zimefichwa huku na kule, yeye humaliza sehemu akiwa nazo zote. Mdogo anafika kwenye Daraja Jeusi, ambako mlinzi mkubwa anangoja, akiwa mapema na mwembamba. Mkubwa anafika amechelewa na ameshiba. Mlinzi huwaua wote wawili, lakini mkubwa huchukua muda mrefu zaidi kufa.

«Wewe unacheza kama mzee,» mdogo alimwambia.

«Mimi nacheza kama mtu mwenye pikipiki ya deni, mdogo wangu.»

Kuna mtu wa tatu katika nyumba hiyo ambaye hachezi. Mama yao alizaliwa upande wa Oicha, na familia ilihamia Butembo baada ya mauaji yaliyoanza kuzunguka Beni mnamo Oktoba 2014. Alimwacha huko ndugu yake wa damu, amezikwa bila yeye kuwepo. Siku alipoona kwa mara ya kwanza yule mtu asiye na kichwa akikimbia ndani ya simu na panga mkononi, aliweka chini ungo wa maharagwe na kusema neno moja tu kwa Kinande, kisha kwa Kiswahili: «Zima.» Mdogo alizima. Tangu siku hiyo anacheza akiwa amegeuzia kioo ukutani, na sauti ameifunga.

Wako watu ambao wangesema michezo ya namna hii inawasaidia vijana kusahau, na wako ambao wangesema inawafundisha ukatili. Katika nyumba hii yote mawili hayaonekani. Kijana hajasahau chochote, na hajawahi kumpiga mtu. Lakini mama yake ana haki ya kutotazama, na hakuna hoja ya kijana yeyote inayoweza kuishinda hiyo.

Sasa barabara.

Kutoka Butembo mpaka Beni, barabara ya taifa namba 2, ni kilomita 54. Siku njema, motari anaenda na kurudi na bado ana mchana mbele yake. Siku mbaya zina majina. Wakaaji wa Maboya hawajasahau Oktoba 2022, kituo cha afya kilipovamiwa usiku na kuchomwa, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo mtawa aliyekuwa daktari. Ukifika Beni njia zinaachana. Kaskazini ni Mavivi, Mbau, Oicha, Eringeti, mpaka Komanda kule Ituri. Mashariki ni Kasindi, mpakani na Uganda, kilomita 80 hivi. Magharibi ni Mangina, kilomita kama 30. Na ukichagua kaskazini, pale Mbau inakatika tena: kulia ni barabara ya Kamango, inayovuka Semuliki, ambako tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya MONUSCO ilishambuliwa na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Upande mwingine wa Butembo, ukielekea Manguredjipa, kuna mji ambao watu waliuita Njiapanda, basi, bila kutafuta jina jingine.

Motari hana mlango wenye jina juu yake. Katika Dead Cells, kila mlango wa kutokea unakuambia unakokwenda kabla hujaingia, na hiyo ni heshima ambayo barabara haimpi mtu. Anachokuwa nacho motari ni wenzake. Parkingi ya pikipiki ni ofisi ya habari kuliko redio yoyote, na wenye redio wanajua, maana huanzia hapo asubuhi. Anayetoka Beni anaulizwa kabla hajashuka: umekuta magari mangapi? Mama wa sokoni wako barabarani? Watoto wanatembea kwenda shule? Mahali ambapo watu wanalima kando ya barabara, unapita. Mahali ambapo mashamba yako kimya saa nne asubuhi, unapunguza mwendo. Na dalili kubwa kuliko zote ni upande wa pili: kama kwa dakika kumi au kumi na tano hujapishana na chombo chochote, simama. Huna haja ya kusikia risasi. Kule mbele kuna mtu aliyekwisha kugeuza.

Dalili ya pili ni simu. Wamotari wana vikundi vyao, na ujumbe mfupi wa sauti unaweza kuwafikia watu themanini kabla mlio haujaisha masikioni mwa aliyeutuma. Ndiyo maana simu ya mkubwa si ya starehe. Ni kioo chake cha nyuma, na cha mbele.

Siku moja ya msimu wa mvua alikuwa akirudi kutoka Beni na mteja mmoja na gunia la mchele. Aliitazama simu pale alipopumzika, ikawa imezimika. Mdogo alikuwa amecheza usiku kucha; alikuwa amempata tena mpiga mishale, na kwa mara ya kwanza alikuwa ameshuka kwenye mifereji ya sumu. Asubuhi aliirudisha simu mezani bila kusema. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Mkubwa aliondoka saa kumi na moja, gizani, akaitia mfukoni bila kuiangalia.

Akaendelea bila simu. Karibu na Kabasha akaanza kuona barabara inakuwa tupu mno. Akahesabu zamu za kona: moja, mbili, tatu, hakuna aliyekuja. Mteja wake, mfanyabiashara aliyekuwa na haraka, akamwambia asonge, mvua inakuja. Mkubwa akasimamisha pikipiki kando ya nyumba ya udongo ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa mchana. Mteja akagomba. Akatishia kutolipa. Mkubwa akageuza, akarudi kilomita kadhaa mpaka alipokuta watu, na hapo akakuta pikipiki sita nyingine zimeegeshwa, wenyewe wamekaa chini ya paa la malewa wakila fufu. Walishangaa kumwona akitokea mbele. «Hukusikia?» mmoja akamuuliza. «Tumetuma sauti tangu saa sita.»

Ilikuwa milio ya risasi tu, watu walisema baadaye, na haikujulikana ni ya nani. Saa tisa barabara ilifunguliwa. Mteja alilipa nusu. Mkubwa aliingia Butembo usiku, nguo zimelowa, gunia la mchele limelowa.

Mdogo alikuwa mlangoni. Alikuwa amepiga namba ile mara nyingi kwa simu ya jirani na kila mara akasikia sauti ya mashine kwa Kifaransa ikimwambia mteja hapatikani. Mama alikuwa amekaa ndani gizani, hakusema kitu chochote, na hakuinua kichwa mpaka aliposikia pikipiki ikizimwa.

Ingetarajiwa kwamba mkubwa afute mchezo. Mdogo mwenyewe alikwisha kuweka kidole juu ya picha yake kwenye kioo mara tu simu ilipopata moto, akingoja kuambiwa. Kaka yake alikula kwanza. Kisha akamwomba amwonyeshe kile alichokipata usiku ule ambacho kilikuwa na thamani ya kumaliza moto wote wa simu.

Mdogo alidhani anachekwa. Alimwonyesha hata hivyo: alama ya kijani, mmea unaopanda, mlango wa mifereji. Mkubwa akatazama kwa muda. Akauliza ni nani aliyemwambia kwamba mlango ule upo. Hakuna, mdogo akasema, nilikuwa nimeona vile vidonge kila mara, nikajua vina kazi.

«Na kifo chako cha mwisho, ulikufa wapi?»

«Kwenye sanduku la laana. Nilikuwa na seli nyingi sijampa Mkusanyaji.»

«Ulikuwa umekwisha kuwa na mali, ukafungua tena sanduku.»

«Yaya, ni mchezo. Unaanza upya.»

Mkubwa hakujibu. Alivua soksi zake na kuzitundika.

Kwa wiki moja simu haikuchezewa kabisa. Halafu sheria ikawekwa, na ni mama aliyeiweka, ingawa hajui hata jina la mchezo: jioni tu, baada ya masomo, na moto wa simu ukifika nusu, inazimwa na kuwekwa kando ya kitanda cha mkubwa. Pesa ya kuchaji kwa jirani mwenye paneli ya jua, siku umeme unapokosekana, inatoka kwa mdogo, kwa kazi ya kubeba mizigo sokoni siku ya Jumamosi. Mdogo alikubali haraka sana, kama mtu aliyetegemea adhabu kubwa zaidi. Ada ya Exetat ilikuwa bado haijakamilika, na anayeilipa ni pikipiki ile ile.

Uchezaji wake nao umebadilika kidogo. Bado anakimbia, lakini akiwa na seli nyingi anampelekea Mkusanyaji kwanza, na masanduku ya laana anayapita akiyatazama kwa jicho la pembeni. Kaka yake, kwa upande wake, amejifunza kuruka. Wamegawana: mdogo anapigana, mkubwa anachagua mlango. Mkubwa huketi nyuma yake kwenye kitanda na kusema «hapana, huku hujafika,» na mdogo hurudi akinung'unika hadi kwenye kona nyeusi ya ramani, na mara nyingine kuna hati pale, na mara nyingine hakuna kitu isipokuwa adui.

Jumatano iliyopita walitoka kwenye mifereji wakiwa na hati zote na chupa ya dawa imejaa. Mbele yao kulikuwa na njia mbili. Moja inapanda kwenye kuta za ngome, wanaijua, wamekufa hapo mara nyingi. Nyingine inashuka kwenye mifereji ya zamani, chini zaidi, na ukiimaliza unafika kwa jicho moja kubwa lililofungwa kwa minyororo, ambalo hakuna kati yao aliyewahi kuliona isipokuwa kwenye simu ya rafiki wa shule. Mdogo alitaka chini. Mkubwa aliuliza yule rafiki alikuwa na hati ngapi alipoingia huko. Mdogo hakujua. Mkubwa akasema amuulize kesho shuleni, kwanza. Walibishana mpaka moto wa simu ukafika asilimia 50, na mdogo akaizima, mfungwa akiwa amesimama mbele ya milango miwili.

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri simu iliita. Mteja wa Beni.